Wapenzi wa Huruma hawana pa kukaa

Huruma, mtaa wa Nairobi, huandikwa magazetini kukiwa na msiba. Usiku wa Aprili 29, 2016, ghorofa lilipoporomoka mvua ikinyesha na kuua watu takriban 50, nchi nzima ilijua mtaa huu uko wapi. Lakini wakazi wake hupendana pia, na wapenzi wa Huruma wana shida ambayo washauri wa mapenzi redioni hawaigusi: hawana pa kukaa.

Chumba kimoja ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho malazi, na aghalabu humo yumo pia binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Kuta hazizuii sauti. Paa la ghorofa ni la kuanikia nguo, ikiwa mwenye nyumba hajalifunga kwa kufuli. Kwa wawili wa aina hii mtoko si anasa, ni nafasi ya kuzungumza bila mtu wa tatu kusikiliza.

Masika yakianza, nauli za Juja Road hupanda na matope hutapakaa. Wakati huo busara ni kubaki karibu. Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, nyama huchomwa mteja akiingoja, na wawili wakichanga wanashiba. Mezani hakuna maua, na moshi utawafuata hadi nyumbani nguoni. Asiyeweza hiyo ana mutura na kikombe cha supu, wima kando ya barabara. Hakuna aibu hapo. Aibu ni ya anayealika kisha akasema simu yake imegoma kutuma pesa, kisingizio ambacho wasichana wa Eastlands wamekisikia mpaka wamechoka.

Mawingu yakitawanyika, safari nzuri kuliko zote haihitaji pesa nyingi: ni kufuata nyayo za wanandoa waliotutangulia. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila walitumia maisha yao kukusanya kazi za sanaa, vitabu na vito kutoka pembe zote za Afrika. Sehemu ya hazina hiyo imo katika jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ambako kwa miaka mingi mwananchi alilipa shilingi 50 tu kuingia. Maelfu hupanga kukutana mbele ya jengo hilo kila siku, kisha huondoka bila kukanyaga ndani! Murumbi alifariki mwaka 1990, Sheila akamfuata mwaka 2000, na wote wamezikwa City Park, Parklands, katikati ya sanamu na miti. Kumpeleka mpenzi makaburini huenda kukasikika kama mkosi, lakini ni wanandoa wangapi wa Nairobi walioacha alama ya pamoja kama hiyo? Tahadhari ni moja: kima wa City Park hawamwogopi mtu, na ndizi mkononi si yako tena.

Januari, ambayo Wakenya wameibatiza Njaanuari, ina jua kali na mifuko mitupu, na kivuli cha msitu wa Karura ndicho dawa yake. Wanaotembea humo wakumbuke kwamba mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa katika lango la msitu huo Januari 1999 wakipinga ugawaji wa ardhi yake. Julai, baridi inapouma, jukwaa la Kenya National Theatre lina joto kuliko benchi la msituni. Na Desemba, aliyepata marupurupu ampandishe mwenzake juu ya jengo la mikutano la KICC katikati ya jiji, lililokamilika mwaka 1973. Kutoka huko Eastlands yote huonekana.

Ila orodha hii ina kasoro kubwa, na si ya bei. Nyaraka za Taifa hazifunguliwi Jumapili. Misituni watu hutolewa giza linapokaribia. Fundi wa Kariobangi Light Industries huweka nyundo chini Jumamosi jua likizama, na msusi wa nywele huwa na wateja wengi siku hiyohiyo. Burudani ya bei nafuu ya jiji imepangiwa watu wenye saa za ofisi. Wanaobaki nje huishia kwenye baa, ambayo haifungi mapema na hudai ununue kinywaji kila nusu saa, kisha tunawalaumu vijana kwa kupenda pombe.

Kaunti ya Nairobi haihitaji mradi wa mabilioni. Iweke viti na taa katika uwanja wa michezo wa Huruma, iwe na askari wasiomdai kijana hongo kwa kosa la kukaa na msichana, na iziache maktaba za Kaloleni na Makadara wazi hadi saa mbili usiku.