Vitabu Vyote kwa Mama Maandazi, Eti "Nimehamia Kidijitali"!

Mjini kuna mambo, lakini hili la Kakola, pale jirani na mgodi wa Bulyanhulu, limezidi. Mdada mmoja wa mitandaoni, jina linahifadhiwa, ambaye mshikaji wake anapiga shifti mgodini, kaposti klipu akisafisha sebule. Rafu ya vitabu ikashushwa yote, likapandishwa ua la plastiki na taa za urembo. Maelezo yake: vitabu vinajaza vumbi, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Likes zikamiminika. Vitabu vyenyewe vikaishia kwa mama wa maandazi wa mtaa wa pili, vinachanwa ukurasa mmoja mmoja.

Kupunguza vitu ndani si dhambi. Kwenye nyumba za kupanga nafasi ni ndogo, na mkataba wa kazi ukiisha watu wanapakia kirikuu wanaelekea Kahama au Mwanza. Katoni la vitabu lina uzito wake. Mtu wa shifti ya usiku akisoma kwenye simu taa imezimwa, ni raha yake. Sawa. Ila mbona kabati la vyombo visivyotumika halikuguswa? Mbona pea za viatu zimejaa hadi uvunguni? Vumbi la Kakola halichagui, linatua hadi kwenye tivii, na tivii haijatupwa. Kilichoonekana uchafu ni vitabu tu.

Halafu hivyo vya kwenye simu vimetoka wapi? Magrupu ya WhatsApp! Mtu kapiga picha kitabu kizima, karusha PDF, watu wanashusha "asante admin". Mwandishi hapati hata mia. Wimbo wa staa ukiibwa mtandao mzima unawaka, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, lakini kitabu kikiibwa kinaitwa softi kopi.

Na anayenunua kihalali asijimwambafai sana. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya za George Orwell, ikiwemo ile ya 1984, kutoka kwenye Kindle za wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Hela zilirudishwa, vitabu vikayeyuka. Mwaka 2019 Microsoft ikafunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo navyo vikafungwa. Linganisha na Rosa Mistika ya Kezilahabi: ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, lakini nakala zilizokuwa majumbani hakuna aliyezifuta kwa kubonyeza kitufe. Cha karatasi ukishanunua kimekwisha, ni chako. Cha kwenye simu ni kama umepangishwa, na mwenye nyumba ana funguo.

Lakini kinachouma zaidi si hicho. Ile rafu ilikuwa inasomwa na watoto wa uani. Wanafunzi wa Form Two walikuwa wanagonga mlango jioni, wanaazima, wanarudisha na kava limelegea. Simu ya mdada ina neno la siri, na hata angewaazima, bando nani analipa? Mtoto akishika simu dakika mbili kashafika TikTok. Kwa hiyo aliyehamia kidijitali ni mmoja, waliobaki bila cha kusoma ni uani nzima, na klipu haikuwaonyesha.

Nauli ya boda ya kupeleka lile katoni shule ya jirani haifiki bei ya kucha alizobandika kwenye video.

Mama wa maandazi hana kosa, karatasi kaletewa mlangoni, bure. Majirani wanasimulia kwamba dogo mmoja alifungiwa maandazi kwa ukurasa wa Takadini, akasimama palepale kuusoma hadi mwisho, akaomba unaofuata. Ulikuwa umeshaondoka na mteja wa asubuhi.