UCHAMBUZI: Ubora wa Maisha, Kipimo Kinachohitajika kwa Waliozaliwa na Kasoro za Utumbo

Katika kumbukumbu nyingi za hospitali, mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa huhesabiwa kuwa amepona pale upasuaji wa mwisho unapokamilika na mzazi kupewa ruhusa ya kurudi naye nyumbani. Kwa familia, hapo ndipo maswali mazito huanza. Je, mtoto ataweza kuzuia choo akiwa darasani? Atalala bweni pamoja na wenzake? Akikua, ataoa au kuolewa bila hofu? Tanzania inapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, maswali hayo yanatoka katika faragha ya nyumbani na kuingia katika mjadala wa sera, kwa kuwa huduma isiyopimwa ni vigumu kuitetea wakati wa kupanga bajeti na kitita cha mafao.

Kasoro mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni kutojengeka vizuri kwa njia ya haja kubwa, ambapo mtoto huzaliwa bila tundu au likiwa mahali pasipo pake. Ya pili ni ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Katika ugonjwa huo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa seli za neva zinazousukuma uchafu, hivyo choo hukwama na tumbo kuvimba. Kila moja ya kasoro hizo hukadiriwa kumpata mtoto 1 katika kila vizazi hai 5,000. Kwa nchi yenye vizazi hai zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, makadirio hayo yana maana ya watoto wapatao 400 au zaidi kila mwaka kwa kila kasoro.

Tiba ipo. Mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenzake Alexander Bill walieleza upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo isiyo na neva, na mwaka 1982 Pieter deVries na Alberto Peña walichapisha njia ya kujenga upya njia ya haja kubwa ambayo bado inatumika duniani kote. Mara nyingi mtoto hupitia hatua tatu: kutobolewa tundu la muda tumboni ili choo kipite, kufanyiwa upasuaji mkuu, kisha kufungwa tundu hilo.

Hata hivyo, nafasi ya kuishi haiko sawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliohusisha watoto 3,849 wenye kasoro saba za kuzaliwa, zikiwemo hizi mbili, katika nchi 74, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa takriban 40 katika kila watoto 100 kwenye nchi za kipato cha chini, 20 kwenye nchi za kipato cha kati na chini ya 6 kwenye nchi tajiri. Ni haki basi kwamba juhudi za kwanza zielekezwe katika kuokoa uhai. Lakini kadiri watoto wengi zaidi wanavyookolewa, ndivyo idadi ya vijana na watu wazima wanaoishi na athari za kasoro hizo inavyoongezeka, na mahitaji yao hayaonekani katika hesabu ya waliopasuliwa na waliofariki.

Shirika la Afya Duniani hutazama ubora wa maisha kama namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni, malengo na matarajio yake. Kwa msingi huo yametengenezwa madodoso mbalimbali. Dodoso fupi la Shirika hilo lina maswali 26 kuhusu mwili, saikolojia, mahusiano na mazingira. Kwa watoto, dodoso linalojulikana kama PedsQL lina maswali 23 kuhusu mwili, hisia, mahusiano na shule. Lipo pia dodoso mahsusi kwa kasoro hizi mbili, HAQL, lililoandaliwa Uholanzi, linalouliza juu ya lishe, uwezo wa kuzuia choo na mkojo, mtazamo wa mtu kuhusu mwili wake na, kwa watu wazima, maisha ya ndoa.

Somo kubwa la vipimo hivi ni kwamba hali ya utumbo na ubora wa maisha havitembei pamoja wakati wote. Wapo wanaovuja choo mara kwa mara lakini wanajiona wana maisha mazuri kwa sababu familia na shule zimewapokea. Wapo pia ambao daktari anawaona wamepona ilhali wanaishi kwa kujificha. Vilevile, majibu ya mzazi na ya mtoto hutofautiana, hivyo kumuuliza mzazi pekee hakutoshi pale mtoto anapoweza kujieleza.

Kuyatumia madodoso hayo nchini kunahitaji zaidi ya tafsiri ya maneno. Swali la iwapo mtoto anaweza kutembea umbali wa mtaa mmoja wa mji wa Marekani halina maana kwa mtoto wa kijijini anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule. Kwa upande mwingine, dodoso la kigeni haliulizi iwapo choo cha shule kina maji, iwapo mtoto anaweza kutoka darasani bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake, au iwapo mama anamudu mifuko ya kukusanyia choo badala ya kutumia vitambaa. Lugha nayo ni ya kuchungwa: neno linalofaa kwa daktari laweza kumwaibisha kijana, na aibu huzaa majibu yasiyo ya kweli.

Matokeo ya upimaji yanaweza kuelekeza uamuzi wa kila siku. Yakionyesha kuwa watoto wanaacha shule kwa ajili ya harufu na kejeli, suluhisho litakuwa matundu ya vyoo yenye faragha na walimu walioelimishwa, si upasuaji mwingine. Yakionyesha kuwa vijana hupotea kliniki wanapofikisha umri wa kuhamia huduma za watu wazima, itabidi upangwe utaratibu wa kuwapokea. Na yakionyesha kuwa dawa za kulainisha choo na vifaa vya kusafishia utumbo ndivyo vinavyomrudisha mtoto darasani, hiyo itakuwa hoja ya kuvizingatia katika kitita cha mafao.

Gharama ya kuanza si kubwa. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, umezoeza vituo kuweka kumbukumbu kwa utaratibu mmoja. Hospitali zenye madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto zinaweza kuanza kwa kumuuliza kila mgonjwa maswali yaleyale machache katika kila hudhurio la kliniki, na kulinganisha majibu mwaka hadi mwaka.

Kwa wananchi, msingi wa ubora wa maisha huwekwa siku ya kwanza. Mtoto mchanga akaguliwe njia ya haja kubwa mara anapozaliwa, na asiyepata choo ndani ya saa 24, anayevimba tumbo au kutapika matapishi ya kijani afikishwe hospitali bila kuchelewa. Kasoro hizi si laana wala kosa la mama. Aliyekwisha kupasuliwa naye asikatishe kliniki kwa sababu jeraha limepona, kwa kuwa ushauri wa lishe, mazoezi ya kupata choo kwa wakati na msaada wa kisaikolojia ni sehemu ya tiba kama ulivyo upasuaji wenyewe.