Farasi wa laptopu wanakula nini Mpanda?

Barua ya wiki hii imetoka Makanyagio, Mpanda, na mwandishi wake presha iko juu. Ana Subaru Forester ya tabo, lita 2.0, mtumba wa Japani. Kaja fundi mmoja na laptopu, anasema kwa saa mbili tu ataingia kwenye kontroo boksi, abadilishe "ramani" ya injini, na gari litoke hapo linanguruma kama simba wa hifadhini. Pesa ipo, ya mpunga. Kasheshe ni kwamba pesa hiyohiyo mama watoto keshaipangia bati. "Nishauri kaka, nianze na lipi?" anauliza.

Mdogo wangu, bati tutazifikia. Kwanza tuelewane hiyo ramani ni kitu gani, maana vijiweni watu wanaizungumzia kama mizimu. Kontroo boksi ni kompyuta ndogo yenye majedwali ya namba. Injini ikizunguka kwa kasi fulani na mguu wako ukikanyaga kiasi fulani, jedwali linajibu: mwaga petroli kiasi hiki, piga cheche wakati huu, tabo isukume hewa mpaka hapa. Kurimapu ni kuzibadilisha hizo namba. Basi, hakuna chuma kinachoongezwa. Kwenye gari la tabo namba zikipandishwa, hewa inashindiliwa zaidi, petroli inaongezwa na nguvu inakuja kweli. Hapo fundi wako hasemi uongo. Nyie wa IST mnaouliza kila siku, gari lenu halina tabo. Mtalipa pesa mpate farasi wa kuhesabu kwa vidole. Na mzee mwenye Land Cruiser ya injini 1HZ, pampu yako ya dizeli haina habari na kompyuta, sijui hiyo laptopu ataichomeka wapi.

Haya, turudi kwa Forester. Ile ya umbo la 2002 hadi 2007, yenye tabo ya lita 2.0 kwa soko la Japani, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220. Fungua kifuniko cha tangi, mara nyingi utakuta kibandiko cha Kijapani. Kinasema gari linywe petroli ya premiamu, ambayo vituo vya kule huiuza ikiwa na oktani kama 100. Oktani ni uvumilivu wa petroli. Ya chini, ikishindiliwa kwenye joto kali, hailipuki kwa mpango wa cheche, inajilipukia yenyewe ovyo na kugonga pistoni kama nyundo. Mafundi wanaita kunoki. Wajapani walichora ramani yao kwa chakula cha kwao. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hiyo 100, na ile ya madumu kando ya njia huko vijijini, wee acha tu. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini kinasaba hakilindi dumu lililopigwa jua wiki mbili.

Sasa sikiliza vizuri. Injini yako ina sensa inayosikiliza kunoki. Ikisikia mgongo, kompyuta inachelewesha cheche na nguvu inapungua. Yaani katika hao farasi 220, wengine wako zizini siku nyingi, wamefungwa na kompyuta yenyewe ili pistoni zisalimike. Fundi anapokuahidi kuongeza, mwulize anaongeza juu ya wangapi.

Halafu kuna hewa. Mpanda iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 12 hivi. Tabo inaficha upungufu huo kwa kuzunguka zaidi, na hewa inatoka imechemka zaidi. Faili lililopikwa Dar, likajaribiwa ufukweni, linakuja huku kuidai tabo kazi ya ziada juu ya ile inayoifanya tayari. Kinachopoza hewa hiyo ni intakula, nayo kwenye Forester imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Wengi wanadhani tundu lile ni la kuuzia sura! Ongeza kiangazi cha Katavi na lile vumbi jekundu lililojaa kwenye mapezi ya intakula, utapata picha.

Kiwanda huacha akiba ndani ya injini kwa ajili ya mafuta mabaya, joto na vumbi. Mtu wa Ulaya akirimapu, anakula akiba ambayo hakuwa na kazi nayo. Wewe wa Mpanda unaitumia kila siku ya Mungu. Na injini hizi za Subaru zikinoki sana, pistoni hukatika kingo baina ya ringi. Hapo ni moshi wa bluu, kisha ni kutafuta injini nyingine Dar na kuisafirisha. Hizo ni bati za nyumba nzima, mdogo wangu.

Je, nimesema usirimapu? Sijasema. Ipo rimapu yenye faida huku kwetu: ya kulipanga gari kwa petroli yetu, tabo ikapunguzwa kidogo na cheche zikasogezwa mahali salama. Kwenye karatasi haitavutia, lakini gari litavuta bila kushtuka. Fundi wa kazi hiyo utamjua. Kwanza anasoma ramani ya kiwanda na kukupa nakala yake. Anapima mgandamizo wa kila silinda, anakagua plagi na mipira ya tabo. Kisha mnatoka wote barabarani, hapohapo Mpanda, kwa petroli unayokunywesha gari kila siku, naye anasoma kunoki kwenye kioo. Akichomeka, akanywa soda, akachomoa, ujue kakuuzia ramani ya gari la mtu mwingine.

Umeuliza pia, kwa aibu kidogo, kuhusu kuondoa kile kikomo cha spidi 180 cha magari ya Japani. Uende nacho wapi? Lami ya Tabora kupitia Koga ni zaidi ya kilomita 300, imenyooka mpaka inashawishi, lakini kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, na gereji porini hakuna. Upande wa Sumbawanga, ukishapita Sitalike uko Hifadhi ya Katavi, tembo wana haki ya kuvuka. Injini ikizima pale utapokewa na mbung'o, na mbung'o hawaulizi gari lina farasi wangapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Badilisha plagi na eya klina, safisha intakula, kagua mipira yote iliyopasuka. Hayo hayali hata robo ya pesa ya mpunga, na baadhi ya farasi waliofungwa watarudi wenyewe. Inayobaki mpe shemeji anunue bati kabla mvua za Novemba hazijaanza. Ukivuna tena, mwite fundi, umwambie unataka ramani ya petroli ya Mpanda na nakala ya ile ya kiwanda mkononi mwako kabla hajagusa chochote. Akikataa, msindikize yeye na laptopu yake mpaka stendi.