Mwaka Mpya Haukaribishwi kwa Kupofua Watoto

Ndugu zangu wa Nyololo, ninalo neno nanyi kuhusu usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya. Watu hawajatoka kanisani, tayari fataki zinapasuka kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, na watoto ambao saa hizo wangekuwa wamelala wanakimbilia kwenye moshi. Watu wazima wamekaa barazani wanacheka. Hao wanaocheka ndio ninaowasema leo.

Thamani ya jicho sina haja ya kumweleza mtu. Ni amana ya Mwenyezi Mungu, na hakuna duka linalouza jingine. Lakini mzazi yule yule anayemfukuza mtoto jikoni asiungue ndiye anayemnunulia fashifashi za kushika mkononi, ati zinatoa nyota nzuri. Maji yanayomwunguza mtoto hayazidi nyuzi 100. Nyota hizo zinapita nyuzi 1000 za Selsiasi! Asiye na hela naye hakosi njia. Huchukua stili waya ya kusugulia masufuria, akaifunga kwenye kamba, akaiwasha na kuizungusha juu ya kichwa mpaka cheche zikatapakaa pande zote. Mwingine hukwangua vichwa vya njiti za kiberiti, akashindilia unga wake kwenye tundu la ufunguo, akachomeka msumari na kugonga ukutani. Msumari ule ukirudi, unarudi usoni.

Ukiwauliza wakubwa, watakujibu: mtoto akililia wembe mpe. Wembe hukata kidole, na kidole hupona. Fataki ikipasukia usoni hulichana jicho, au huvujisha damu ndani mbele ya mboni, au huacha mtoto wa jicho na presha ya macho inayojitokeza miaka mingi baadaye. Na mara nyingi anayeumia si aliyewasha. Ni yule aliyesimama pembeni akitazama. Halafu mnasema ajali haina kinga. Hii ina kinga, nayo ni kutonunua.

Kosa huzaa kosa. Mtoto akishaumia, huyu anampikicha, yule anakamulia majani, jirani analeta maziwa ya mama, na baba anasema tusubiri sikukuu ipite. Sikilizeni vizuri: jicho lililochanika halipikichwi, halikandamizwi wala halitiwi dawa ya mtu, na kilichochoma humo hakichomolewi nyumbani. Lifunikeni kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha plastiki, mumkimbize mtoto Mafinga usiku huo huo. Wakisema aende Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, aende. Majuto ni mjukuu.

Nyololo ilipaswa kuwa ya mwisho kuchezea milipuko. Hapa ndipo mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alipouawa tarehe 2 Septemba 2012, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Kijiji kilichoona hayo hakiwezi kusema hakijui mlipuko unaufanya nini mwili wa binadamu.

Nanyi si watu wa kubezwa. Ni wachapakazi, mmepanda miti na chai mpaka Mufindi ikajulikana nchi nzima. Mababu wa Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Ushujaa ule haukuwa wa kushika baruti mkononi ili wasichana wapige vigelegele.

Tena siwezi kuwanyamazia mafundi wetu. Mchomeleaji anavaa miwani ya jua ya mnadani, na wa mashine ya mbao havai kitu kabisa, vumbi na vibanzi vinamrukia machoni kutwa. Mtoto anayemwona baba yake akilidharau jicho lake, nani atamfundisha kulitunza la kwake? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nunueni miwani ya kazi, haifiki hata bei ya nauli ya kwenda kutibiwa.

Jeshi la Polisi hutangaza karibu kila Desemba kwamba kupiga fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani ni marufuku. Lakini polisi hawawezi kulala katika kila ua. Mwenyekiti wa kijiji, itisha mkutano kabla ya Krismasi. Wenye maduka, msiagize bidhaa hiyo, hata kama faida yake inavutia. Wachungaji na mapadri, lisemeni mimbarani mapema, maana usiku wa mkesha ni kuchelewa. Nawe mzazi, mwaka huu shika mkono wa mwanao, mwende naye ibadani, na mkirudi mwende naye kulala.