Je, Kompyuta ya Michezo ya Sebuleni Yafaa Kununuliwa?



Hapa bandarini Mocímboa da Praia vijana wanabishana barazani kama yafaa kununua kompyuta ya michezo ya kuwekwa sebuleni: kisanduku kidogo kinachoungwa na televisheni na kuchezwa kwa padi kama PlayStation, lakini ndani yake ni kompyuta kamili. Wengine wamekwisha kuwaomba kaka zao walio Pemba na Dar es Salaam wawaletee. Kwa kuwa fedha hizo ni jasho la wakubwa zetu, naomba nafasi nitoe maoni yangu.

Kwanza tukitendee haki chombo chenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya Valve ya Marekani, pamoja na watengenezaji wengine, ilileta sokoni mashine za namna hii zikiitwa Steam Machine. Wanunuzi wakawa wachache. Novemba 2025 Valve ikatangaza nyingine, yenye kimo cha sentimeta 15 hivi. Sifa inazo: michezo ya kompyuta hupunguzwa bei mara kwa mara, na mwenye mashine aweza kuunga kibodi akaandika insha au akajifunza kutunga programu. PlayStation haimpi hayo.

Lakini wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Ua la kwanza la boga hili ni intaneti. Mashine hiyo haina mahali pa kutia diski. Michezo hushushwa, na mmoja mkubwa waweza kupita gigabaiti 100. Sisi tunaonunua data ya simu kidogo kidogo tutaumaliza lini? Ua la pili ni umeme. Chipu zake kuu mbili peke yake zaweza kula hadi wati 140, wala haina betri. Umeme ukikatika, yote yamezimika. Ua la tatu ni mpira, ambao ndio mchezo tuupendao wengi wetu. EA Sports FC 25, uliotoka mwaka 2024, haukubali mfumo wa SteamOS ambao mashine hiyo imeundiwa, kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu. Itakubidi umtafute fundi akuwekee Windows.

Linganisheni na PlayStation 2. Ilitoka mwaka 2000, ikaacha kutengenezwa 2013, na bado vibanda vingi vya Afrika Mashariki viliendelea kuitumia miaka mingi baadaye. Sababu yake ni nyepesi: watia diski, wacheza, wala haikuulizi habari za intaneti.

Sisemi kwamba michezo ni upuuzi. Kijana akicheza sebuleni, mama yake ajua alipo, na katika mji wetu hilo si jambo dogo. Mji huu ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021, na wengi waliorudi walianza tena na godoro na sufuria. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kununua chombo cha kazi moja.

Basi shauri langu ni hili: nunueni kompyuta ya kupakata iliyotumika, nzima, pamoja na padi moja na waya wa HDMI. Jioni iungeni na televisheni, mcheze michezo midogo na ya zamani ambayo haihitaji nguvu nyingi. Asubuhi ichomoeni, dada afanye kazi zake za shule. Umeme ukikatika, betri itamsaidia amalize ukurasa wake. Hiyo nayo ni kompyuta ya michezo ya sebuleni, ila haikuandikwa hivyo dukani.

Nanyi kaka zetu mliomaliza shule, mkiombwa mashine, msijibu upesi "ndiyo" wala "hapana". Ulizeni kwanza: nyumbani data ipo? Umeme je? Na nani mwingine ataitumia? Mwenye maoni mengine na ayalete hapa tuyasome.