Tusianze Upya Kila Mwaka

Nina neno juu ya chama chetu cha kompyuta.

Muhula uliopita, sisi watatu wa kidato cha tatu tulitumia wiki sita kutunga programu ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa maktabani. Ilipokwisha, kaka mmoja wa kidato cha sita alicheka akasema, "Hata sisi tuliitunga mwaka juzi." Tulipomwuliza iko wapi, hakujua. Hata kosa lililotusumbua siku nne, la kuhesabu likizo kuwa siku za kuchelewesha kitabu, wao pia liliwasumbua.

Jambo hili si geni. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashine iitwayo EDSAC ilianza kazi mwezi wa Mei 1949. Mkuu wa kazi ile, Maurice Wilkes, alitambua upesi kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ingekwisha katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Basi yeye na wenzake, hasa kijana David Wheeler, hawakutaka kila mtu aanze upya. Hesabu zilizohitajiwa mara kwa mara, kama kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili, waliziandika kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, wakaziweka kabatini. Mwenye haja alinakili kipande akakiunga na kazi yake. Mwaka 1951 walitoa kitabu kizima juu ya vipande hivyo.

Wengine watasema kuwa tutakuwa wavivu. Kweli, achukuaye asichokielewa hajifunzi kitu. Lakini seremala hafui misumari yake mwenyewe, wala hatumwiti mvivu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba kipande kibovu huharibu kazi za wote. Kwa hiyo lazima kijaribiwe na mtu asiyekitunga.

Nashauri basi tuwe na daftari moja la chama, chini ya mwalimu wetu. Iandikwe kila kipande kinafanya nini, kinataka kupewa nini, kina kasoro gani, na nani alikitunga. Tena kihifadhiwe mahali pawili. Asiyeandika maelezo, kazi yake isihesabiwe kuwa imekwisha.

Sisi tutaondoka, shule itabaki. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanastahili kuanzia pale tulipofikia, si pale tulipoanzia.

Mwanachama, Kidato cha Tatu