Boom likikata, ‘kausha damu’ iko kwenye simu

Sh10,000 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa HESLB, tangu kilipopanda kutoka Sh8,500.

Ukiitazama kwa siku moja, inatosha wali maharage kwa mama ntilie, bando na nauli ya daladala. Tatizo ni kwamba boom haliingii kwa siku. Linaingia kwa mkupuo: kwa siku 60 ni Sh600,000. Na mwenye nyumba wa geto nje ya chuo hataki kodi ya siku, anataka ya miezi mitatu au sita, tena taslimu. Nyumbani nako simu inaita, mdogo wake karudishwa shule kwa michango. Wiki haijaisha, nusu imeondoka.

Kwa hiyo ile lawama kwamba wanafunzi wanamaliza pesa kwa kula bata ni nusu ya ukweli. Wapo, na hosteli nzima inawajua. Lakini hata anayeandika kila shilingi kwenye daftari hawezi kupanga vizuri kama hajui awamu inayofuata itaingia lini. Ikichelewa wiki mbili, inapigwa pasi ndefu: asubuhi hakuna chai, mchana maji, mlo ni mmoja jioni. Na jaribio liko palepale.

Hapo ndipo aplikesheni za mikopo zinapopata wateja. Haziulizi dhamana, zinaomba tu ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu. Siku ya kulipa ikipita, meseji za kudai zinatua kwa mjomba, kwa mchungaji, hata kwa ex. Deni la Sh50,000 linageuka aibu ya ukoo mzima.

Novemba 2024, Benki Kuu (BoT) ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kuangalia kama mkopeshaji ana leseni ni kazi ya dakika chache, ila mwenye njaa saa nne usiku haangalii.

Kuongeza posho kunahitaji bajeti ya Serikali. Kutangaza mapema tarehe ya kila awamu, na kuifuata, hakuhitaji mabilioni. Mwanafunzi akiijua, anaweza hata kumwomba mwenye nyumba asubiri hadi siku hiyo.